AMANA YA MGONJWA
Darsa juu ya uuguzi, na yale ya kujifunza kutoka Kakamega



Darsa yetu ya leo ni juu ya kazi ambayo kila mmoja wetu huihitaji siku moja katika umri wake, nayo ni kazi ya kuuguza. Watu wengi katika miji yetu hudhani kwamba muuguzi ni mtumishi wa tabibu tu, wa kumletea sindano na kumfuatia nyuma. Dhana hii si sawa. Tabibu huja kitandani mara moja au mbili kwa siku, akatazama, akaandika dawa, akenda zake kwa wagonjwa wengine. Abakiye na mgonjwa mchana na usiku ni muuguzi. Yeye ndiye aonaye kwanza kuwa pumzi imebadilika, au kuwa mgonjwa ameacha kula, au kuwa bandeji inanuka. Dawa ni ya tabibu, lakini saa ishirini na nne za mgonjwa ni za muuguzi.

Mtu alazwapo hospitalini huacha mikononi mwa mtu asiyemjua vitu vitatu alivyokuwa akivilinda maisha yake yote: mwili wake, heshima yake, na hiari yake. Vitu hivi ni amana. Na amana, kama tujuavyo sote, haitazamwi kwa ukubwa wa mwenyewe. Amana ya maskini ni sawasawa na amana ya tajiri, na amana ya mtu asiye wa dini yetu ni sawasawa na ya ndugu yetu. Katika darsa hii tutazitazama amana hizi moja moja, kisha tutajibu masuala machache, kisha tutasema yatupasayo sisi wenyewe.

KWA NINI KAKAMEGA?

Huenda msomaji akauliza: Sisi watu wa pwani tuna nini na Kakamega, mji ulio mbali na bahari, karibu na mpaka wa Uganda? Jawabu ni kwamba tuna mengi. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika hata Mumias, katika nchi ya Wawanga, na huko Uislamu ukashika mizizi hata katika nyumba ya Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka wa 1949. Mumias leo imo katika Kaunti ya Kakamega. Basi watu wa huko ni jamaa zetu wa zamani.

Lakini kuna sababu iliyo kubwa zaidi. Mwaka wa 1902 wamishonari wa Kimarekani wa madhehebu ya Marafiki walifika Kaimosi, ambayo leo imo katika Kaunti ya Vihiga na zamani ilikuwa wilaya moja na Kakamega. Mwaka uliofuata wakaletewa tabibu. Tangu siku hizo watu wa nchi ile, wanaume kwa wanawake, wameipenda elimu ya kutibu na kuuguza. Leo mji wa Kakamega una hospitali kuu ya kaunti ambayo pia ni ya kufundishia, una tawi la chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, na una Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ambacho katika masomo yake hufundisha uuguzi na ukunga. Binti wa mkulima wa mahindi au wa miwa huingia darasani akiwa hajui hata jina la mfupa mmoja, akatoka baada ya miaka kadha akiwa aweza kumshika mtoto mchanga asiyepumua akamrudishia pumzi. Hatusemi haya ili kuwasifu wengine na kujidharau sisi. Twasema ili tupate kujiuliza: Na mabinti zetu wako wapi?

KAZI HII SI NGENI KWETU

Wako wasemao kuwa uuguzi ni kazi ya kizungu iliyoletwa na wamishonari. Maneno haya hutoka kwa mtu asiyejua tarehe. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, ambao ni mwaka wa 627, Saad bin Muadh alipojeruhiwa kwa mshale alipelekwa kutibiwa katika hema ya mwanamke aitwaye Rufaida, nayo hema hiyo ilikuwa katika msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Ummu Atiyya na Rubayyi binti Muawwidh pia wametajwa na wapokezi wa Hadithi kuwa walitoka katika vita wakawanywesha maji majeruhi na kuwauguza. Na mwaka wa 1284 Sultani Qalawun alimaliza kujenga huko Misri hospitali kubwa iliyowekewa wakfu, ikipokea wanaume na wanawake, matajiri na mafakiri, na wanawake wakihudumiwa na wanawake. Basi kazi hii ilikuwa yetu kabla ya kuwa ya wengine. Tuliyoiacha ni sisi.

AMANA YA KWANZA: MWILI

Amana ya kwanza ni mwili, na kuilinda ni elimu, si huruma peke yake. Mwaka wa 1847 tabibu mmoja katika mji wa Vienna, jina lake Semmelweis, aliona kuwa wazazi wengi walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi waliyohudumiwa na matabibu watokao kupasua maiti, na wachache katika wodi ya wakunga. Akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa dawa kabla ya kumgusa mzazi, na vifo vikapungua sana. Wenzake wengi hawakumsadiki, lakini leo hakuna chuo cha uuguzi ambacho somo lake la kwanza si kuosha mikono. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku tungepasa kuwa watu wa kwanza kulifahamu somo hili. Walakini mara ngapi tumeingia wodini makundi kwa makundi, kila mmoja akampa mgonjwa mkono uliotoka sokoni, akaketi juu ya kitanda chake, akambusu mtoto mchanga?

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza akilazwa upande mmoja muda mrefu, damu haipiti vyema katika nyama iliyobanwa baina ya mfupa na godoro, nayo nyama hiyo hufa na kuwa kidonda. Kidonda hicho chaweza kumwua mtu ambaye kiharusi hakikumwua. Dawa yake ya kwanza ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, kumkausha akilowa, na kunyosha shuka isiwe na makunyanzi. Kazi hii haina sifa wala haionekani na mtu, na muuguzi akiiacha usiku mmoja hapana amjuaye. Ndiyo maana tumeiita amana.

Katika nchi ya Kakamega malaria ni ugonjwa wa kila siku. Kaunti hiyo ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto kuanzia mwaka wa 2019. Chanjo yenyewe ilipangwa mara nne: mtoto awapo na miezi 6, 7, 9 na 24. Tazameni kazi aliyopewa muuguzi hapo. Kudunga sindano ni jambo la dakika moja, lakini kumfanya mama arudi mara ya nne, mtoto akiwa ameshatembea na kunena, huku nyumbani kuna shamba na kuni, ni kazi ya ulimi mzuri na subira. Mama aliyefokewa mara ya kwanza harudi mara ya nne.

Na hapa pana jambo litupasalo sisi pia. Dawa ya malaria itumikayo sana hunywewa siku tatu, mara mbili kwa siku. Siku ya pili homa hushuka, nasi husema, "Alhamdulillahi, amepona," tukaweka vidonge vilivyobaki kabatini kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa miezi sita, na mgonjwa huona nafuu katika wiki za mwanzo, akaacha dawa. Nafuu si kupona. Nafuu ni adui kurudi nyuma, na kupona ni adui kutoka katika nchi. Aachaye dawa kati humfundisha adui njia ya kuishinda dawa, kisha akamwambukiza jirani ugonjwa ulio mgumu kuliko wake.

AMANA YA PILI: HESHIMA NA SIRI

Amana ya pili ni heshima. Mwezi wa Agosti 2013, katika hospitali ya serikali ya Bungoma, mji ulio jirani na Kakamega, mama mmoja alishikwa na uchungu akakosa wa kumhudumia, akazaa chini sakafuni ukumbini. Badala ya kuhurumiwa, wauguzi walimtukana na kumpiga. Mtu mmoja aliyekuwapo akapiga picha kwa simu, na nchi nzima ikaona. Kesi ikaenda mahakamani, na mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Bungoma ikahukumu kwamba mama yule amevunjiwa utu wake, ikaamuru alipwe shilingi 2,500,000 na aombwe radhi.

Yatupasa tuizingatie habari hii kwa insafu. Wauguzi wale walikosa, hapana udhuru wa kumpiga mzazi. Lakini tuulize pia: Nini kilikuwa kimetokea kabla? Mwezi wa Juni mwaka ule ule serikali ilitangaza kuwa wanawake wote watazaa bure katika hospitali zake. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Wazazi wakamiminika, walakini vitanda na wauguzi havikuongezeka kwa kiasi hicho. Mahakama nayo haikuwahukumu wauguzi peke yao, bali iliihukumu serikali vilevile kwa kutangaza jambo bila ya kuliandalia. Funzo ni hili: dhuluma ya hospitalini mara nyingi huwa na mikono miwili, mkono wa yule aliyechoka na kuikosa adabu, na mkono wa yule aliyemchosha akaketi ofisini. Mwenye kuuadhibu mkono mmoja na kuuacha wa pili hakutengeza kitu.

Kaunti ya Kakamega katika miaka hiyo ilijaribu njia nyingine. Chini ya Gavana Wycliffe Oparanya ilianza kuwapa mama maskini fedha kidogo kidogo, kwa mafungu, kila wahudhuriapo kliniki ya waja wazito, wazaliapo hospitalini, na wawapelekapo watoto chanjo. Fedha hizo hazikuwa za kutajirisha mtu, lakini zilitosha nauli na sabuni. Mtu asiyekuwa na nauli hakatai hospitali, bali haifikii. Na sisi wenye wakfu na sadaka hatujapata kufikiri kuwa nauli ya mzazi maskini ni sadaka.

Katika heshima imo siri. Ayaonayo muuguzi katika mwili wa mtu, na ayasikiayo katika maneno yake ya homa, hayatoki nje ya wodi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 imelitaja jambo hili waziwazi, na kanuni za maadili za wauguzi wa ulimwengu, zilizowekwa mara ya kwanza mwaka wa 1953, zililitaja kabla yake. Nasi twajua mjini petu mtu akilazwa leo, kabla ya Magharibi ugonjwa wake umeshasemwa barazani. Waulizaji hudhani kuuliza ni mapenzi. Muuguzi mwenye amana huwajibu kwa upole, "Muulizeni mwenyewe, au jamaa aliowaridhia," wala hawi mjeuri kwa kujibu hivyo.

AMANA YA TATU: HIARI NA UKWELI

Mgonjwa hakupotelewa na akili kwa sababu ya kuwa mgonjwa. Mwili ni wake, na sheria tuliyoitaja yataka aelezwe ugonjwa wake, njia za kutibiwa na hatari zake, kwa lugha aifahamuyo, kisha aridhie au akatae. Kutia sahihi karatasi asiyoifahamu si kuridhia.

Kakamega ina msitu mashuhuri, na watu wa nchi ile wana elimu ya mizizi na magome, kama sisi tulivyo na mwarobaini na habasoda. Mukombero hutafunwa huko kama vile sisi tutafunavyo tangawizi. Mgonjwa ajapo hospitalini huenda ameshakunywa dawa ya miti, na huenda dawa hiyo ikagombana na ya hospitali. Muuguzi akimcheka, mgonjwa ataificha, na kuficha huko kutamdhuru. Muuguzi akimwuliza kwa heshima atasema kweli, naye tabibu atajua la kufanya. Hapa adabu si pambo la kazi. Adabu ni sehemu ya tiba yenyewe.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Mzee wetu ana saratani. Watoto wake wanamwomba muuguzi asimwambie, wasema atavunjika moyo. Afanye nini?

Jawabu: Muuguzi asiseme uwongo, wala asiitangaze habari ambayo ni ya tabibu kuieleza. Na amwulize mzee mwenyewe: "Wapenda kuambiwa yote, au wapenda tuseme na mwanao?" Akisema apenda kujua, ni haki yake. Sheria huruhusu kunyamaza pale palipo na dalili za nguvu kwamba kuelezwa kutamdhuru, lakini hofu ya jamaa peke yake si dalili. Mtu aliyekaribia safari ana madeni ya kulipa, wasia wa kuandika, na watu wa kutaka radhi. Amfichaye humnyima nafasi hiyo.

Suala: Je, yafaa mwanamke kuuguzwa na mwanamume?

Jawabu: Asili ni kutafutwa mwanamke. Akikosekana, na haja iko, inajuzu kwa kadiri ya haja, akiwapo mtu wa pili na kufunuliwa pahala pahitajiwapo tu. Lakini twasema waziwazi: Mtu azuiaye binti yake asisome uuguzi, kisha akapiga kelele hospitalini kuwa mkewe amehudumiwa na mwanamume, ataka mavuno ya shamba alilokataza kulimwa.

Suala: Chupa ya oksijeni ni moja, na wagonjwa ni wawili. Mmoja ni mtu mkubwa, na mmoja ni mchukuzi.

Jawabu: Hutazamwa nani yuko katika hatari zaidi, na nani atarajiwa kufaidika. Cheo hakimo katika hesabu. Larrey, tabibu mkuu wa majeshi ya Napoleon, aliwapanga majeruhi kwa ukubwa wa majeraha yao bila ya kutazama vyeo, na hii ndiyo kanuni mpaka leo. Muuguzi na amwambie tabibu, waamue pamoja, waandike sababu. Uamuzi ulioandikwa hauogopi kuulizwa.

Suala: Mgonjwa amepona, lakini hana fedha, na wakubwa wa hospitali wamemwamuru muuguzi asimwache atoke.

Jawabu: Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ilihukumu kuwa si halali kuwafungia wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya wazazi kwa ajili ya deni. Deni hudaiwa kwa njia za deni. Muuguzi hakusomea kazi ya bawabu wa gereza, na akikataa kuifanya kazi hiyo kwa adabu hakuasi.

Suala: Je, ni haki wauguzi kugoma?

Jawabu: Suala hili ndilo zito kuliko yote. Mwaka wa 2017 wauguzi wa hospitali za serikali nchini Kenya, na wa Kakamega miongoni mwao, waligoma kuanzia Juni mpaka mwanzo wa Novemba, takriban miezi mitano, wakidai mapatano ya mishahara yao. Katiba ya mwaka wa 2010 yampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na Katiba hiyo hiyo yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haki mbili zikakutana mlangoni, na aliyekanyagwa kati yao ni fakiri, kwani tajiri alikwenda hospitali ya kulipia.

Rai yetu ni hii. Mfanyakazi ana haki ya ujira wake, na aucheleweshaye amedhulumu. Basi mgomo haukuwa dhambi kwa asili yake. Lakini mgonjwa aliyekwisha kulala kitandani ni amana iliyokwisha kupokewa, wala mtu haitupi amana njiani kwa kuwa hakulipwa. Ikibidi kugoma, na wabakishwe wa kutosha kwa wazazi, watoto wachanga na wenye dharura, na wengine watolewe ilani mapema. Na sisi raia tusingoje miezi mitano. Tulionyamaza wauguzi walipodai kwa maneno hatuna ulimi mrefu wa kuwalaumu walipodai kwa kuondoka.

YATUPASAYO SISI

Mgonjwa akitoka hospitalini amana humrudia nani? Hurudi nyumbani. Hapo ndipo wengi hupotea. Wako ambao hubadilisha dawa kwa hirizi na kafara za pepo, wakatoa fedha kwa mganga mara tatu ya zile walizozionea uchungu hospitalini. Wako wasemao, "Ni kadari ya Mungu," wakamwacha mgonjwa na kidonda chake. Kadari ni imani ya moyo, haikupata kuwa udhuru wa mikono kulala. Na wako wanaomlazimisha mgonjwa wa kisukari kufunga Ramadhani ilhali tabibu amemkataza, na dini imempa ruhusa.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, kila nyumba iwe na mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, ajuaye kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kumpa dawa kwa saa yake, na kujua dalili za hatari. Wako wauguzi waliostaafu katika mitaa yetu, na baada ya Isha msikitini pana nafasi ya kufundishwa. Pili, katika sadaka zetu litengwe fungu la nauli na dawa za wagonjwa mafakiri, tusiishie kununua sanda. Tatu, binti au kijana aliyefaulu mitihani yake na akataka kusoma uuguzi, iwe ni hapa pwani au hata Kakamega, asizuiwe, bali asaidiwe karo. Siku mama yetu atakapolala kitandani, mikono itakayomgeuza saa nane za usiku itakuwa ni mikono iliyofundishwa na mtu. Tusipowafundisha wetu, tusimlaumu aliyewafundisha wake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa watu wa kutimiza amana. Wabillahi tawfiq.